Tanbihi ya Kumi na Saba

Mhariri ameniandikia: tanbihi ya kumi na saba
ni ndefu mno. Ikatwe, au ipandishwe juu
iwe hoja. Nimejaribu. Haikubali kuwa hoja.

Miaka mingi tuliisoma sinema ya Warusi
kama tulivyofundishwa, kutoka Moscow kuteremka:
mwelekezi, kamera, chama, mkasi,
picha kugongana na picha hadi cheche iruke.
Sasa darasa limegeuza viti.
Wenzangu wanafukua mikanda ya Tashkent,
wanawafuata wanawake waliounga filamu
wakaachwa bila jina, wanasoma risiti,
bili za umeme, barua za watazamaji.
Nami nikapanda basi la alfajiri kuja Tanga
kumtafuta mtu aliyesema.

Hizza Semboja, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
fundi baiskeli, grisi hadi kiwikoni.
"Kirusi sikukijua hata salamu," aliniambia.
"Mkanda ulikuja na karatasi ya maelezo.
Si unajua Tanga, waja leo waondoka leo:
usiku mmoja tu, kesho boksi la bati liko Korogwe.
Nilisimama kando ya kitambaa, kipaza sauti mkononi,
nikasema Kiswahili juu ya midomo yao."

Filamu ile nilikuwa nayo kwenye kompyuta.
Tukaiweka mezani, kati ya spoku na minyororo.
Theluji. Kijiji. Mama anafua. Tarishi anakuja,
anampa karatasi. Anaisoma. Mikono inashuka.
Chini yake tafsiri yangu, niliyoihakiki mara tatu:
*mwanao amekufa kishujaa.*

Hizza alicheka, kisha hakucheka.

"Ilikuwa Februari, sabini na tisa.
Vijana wetu wako Kagera.
Ukumbi umejaa mama zao, dada yangu Mwantumu
kiti cha mbele, kanga kaibana kwa meno.
Huyo tarishi anakuja. Karatasi nimeshaisoma mchana.
Ungekuwa wewe, msomi, ungesemaje?
Nikasema: Mama, mwanao yu hai.
Ameumia mguu. Atarudi wakati wa mavuno."

Ukumbi ukalia kwa furaha,
mama wa Kirusi akalia kwa msiba,
na machozi hayana lafudhi.

Na pale anapovaa nyeusi?
"Nikawaambia kule kuna baridi."
Na kaburi?
"La babu yake."
Na mwisho, anapotembea peke yake barabarani
dakika nne nzima, bila neno?
"Anakwenda stesheni kumpokea. Mkanda ukaisha
treni haijafika. Warusi ndivyo walivyokuwa,
hawakuonyeshi treni."

Taaluma yangu ina majina ya jambo hili:
upotoshaji, udhibiti, upokezi, ujanibishaji.
Nimeyapanga kama vikombe kabatini,
kila nikimimina chai, kinavuja.
Nani aliielekeza filamu iliyoonwa Ngamiani?
Aliyeipiga picha theluji,
au aliyeiyeyusha?

Nilikuwa nimeshafunga begi nilipomuuliza
kama mpwa wake alirudi.

"Alirudi. Miguu yote miwili. Nilikosea mguu."
Akafuta pampu kwa kitambaa kichafu kuliko pampu.
"Mama Shemhilu, safu ya tatu, wake hakurudi.
Habari zake zilimfikia Aprili.
Akaja hapa dukani, akasimama palepale ulipo,
akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa chenji.
Salamu yangu hakuiitikia tena
hadi tulipomzika. Hilo nalo uliandike."

Nimeliandika.

Kwa hiyo, mhariri, kata utakavyo.
Kata nauli, kata kompyuta, kata Tashkent,
kata hata jina langu kama nafasi ni finyu.
Safu ya tatu iache.